Fundi Alipwe Kilemba Chake

Zamani katika miji ya mwambao wetu, mzazi aliyetaka mwanawe ajue kazi ya mkono alimchukua baada ya sala ya alasiri hadi barazani kwa seremala, au mwashi, au mshoni, akamkabidhi kwa maneno machache mbele ya mashahidi. Na tangu siku hiyo mtoto yule alikuwa mwanagenzi, mwenye kufagia taka za randa na kuchota maji na kushika ncha ya pili ya msumeno, hata mkono ukazoea na jicho likajua kupima kabla ya kipimo. Muda ulipotimia, wazee wake walimpa fundi kilemba, na kilemba hicho, ijapokuwa jina lake ni la nguo, kilikuwa ada na taadhima pamoja, ushahidi kwamba elimu imetolewa na imepokewa, na kwamba kijana sasa ana haki ya kudai ujira wa fundi.

Ninakitaja kilemba kwa sababu, nikiitazama miradi mingi ya leo ya kuwatia vijana katika ufundi, nakiona kimesahauliwa. Kaunti zimejenga vyuo, jumuiya za misikiti na za makanisa zimefungua madarasa ya ushoni na umeme, wahisani wametoa vyerehani, na bidii hiyo yote naistahi. Lakini fundi mwenyewe, aliyezeeka katika kazi pale pale mtaani, haulizwi wala halipwi; hupelekewa kijana wa mazoezi kwa miezi michache, kijana akamharibia mbao na kumpotezea saa zake, na malipo yake ni ahsante. Basi ni ajabu gani ikiwa fundi huyo atamweka kijana pembeni amtume chai, na kijana akarejea chuoni na karatasi iliyotiwa saini na mikono isiyojua kitu?

Tumewahi kuwa na fikra bora kuliko hizi. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya, likihofia hatima ya watoto waliomaliza shule ya msingi wasipate nafasi ya kuendelea, lilileta rai ya vyuo vidogo vya ufundi vijijini, visivyo na gharama kubwa, walimu wake wawe mafundi wa mahali penyewe, tena vifundishe kile tu ambacho mahali penyewe panakihitaji, na soko likishiba maseremala, wafunzwe waashi. Fikra hiyo ilikuwa na insafu ndani yake. Lakini wazazi walitaka mitihani, serikali ilitaka mpango mmoja wa nchi nzima, na pole pole vyuo vile vikafanana na shule ambazo watoto walikuwa wamezikosa. Katiba ya 2010 ilivikabidhi kwa kaunti, yaani ilivirudisha karibu na watu. Na hiyo ni fursa ambayo bado hatujaitumia kama inavyostahili.

Mombasa tuna kisa chetu wenyewe. Pale Tudor, mwishoni mwa miaka ya 1940, ilianzishwa taasisi ya kuwafunza ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa jina la kifupi la MIOME, kwa mali iliyotoka kwa Aga Khan, na kwa Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja, na kwa jamaa wa Kibohora. Na wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwezi wa Mei 1951. Mwaka 1966 ilifunguliwa kwa watu wote ikabadilishwa jina, mwaka 1972 ikawa politekniki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Nafurahi kwa daraja hiyo, kwani mji kama huu unahitaji wahandisi. Hata hivyo siachi kumfikiria kijana wa Likoni au Kisauni aliyeishia darasa la nane, ambaye kila taasisi ilipopanda ngazi moja, yeye alibaki chini akiutazama mlango ukimwendea mbali. Na leo yuko juu ya bodaboda, si kwa kuipenda, bali kwa kuwa ndiyo kazi isiyomwuliza amesoma wapi.

Ninalolitaka ni jepesi kulieleza. Kaunti iandikiane mkataba na fundi mwenye karakana, achukue wanagenzi wawili au watatu, si zaidi, naye alipwe nusu ya ada anapowapokea na nusu ya pili, ambayo ndiyo kilemba, siku kila mmoja wao atakapofaulu mtihani wa serikali wa ufundi. Kijana naye, siku hiyo hiyo, apewe sanduku la zana zake mwenyewe: randa, patasi, msumeno, timazi, au koleo na kipimo cha umeme, kwani fundi asiye na zana ni kibarua, na wengi tumewaona ambao wangeviuza vyeti vyao, kama vingeuzika, wapate nyundo. Binti apokewe karakanani kama kijana wa kiume, wala asielekezwe cherehanini kwa sababu tu ni binti. Na uanagenzi wa zamani usirudi pamoja na viboko vyake, wala miaka yake isiyo na ukomo. Mkataba uandike muda.

Wenzetu wa Tanzania, kwa mkono wa VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi, huwapima mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao tayari. Hilo nalo tulifanye kwa mapana, maana fundi asiyetambuliwa hawezi kumtambulisha mwanafunzi wake.

Kazi ipo. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na nyumba zake za mawe ya matumbawe haziponi kwa saruji, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta mpaka ukuta ukabomoka. Zataka chokaa, na mwashi anayejua kuiloweka na kuisubiri. Kijiji cha Matondoni, kisiwani humo humo, bado chaunda majahazi, na anayejua kutia kalafati na kupaka deheni hakujifunza kitabuni. Kisha kuna kazi za kila siku: madawati, milango ya zahanati, sare za shule. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini fundi wa mtaani, asiye na kampuni iliyosajiliwa wala karani wa kumjazia fomu, huiona zabuni ikimpita akiwa na randa mkononi. Karakana yenye wanagenzi ingepaswa kufikiriwa kwanza, kwa fomu ya ukurasa mmoja.

Kaunti zitatuita tena kutoa maoni juu ya bajeti, kama sheria inavyozilazimu. Tutaonyeshwa fungu la majengo ya vyuo, na fungu la samani. Siku hiyo mimi nitasimama niulize fungu la mafundi liko ukurasa wa ngapi, na nawasihi wasomaji wa Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River waulize hivyo hivyo katika kumbi zao.