MAZUNGUMZO YA BARAZANI: Fundi wa Bao na Dado

Kijana mmoja wa Mlandizi, Kibaha, ametuletea shauri ambalo limeleta maneno nyumbani kwao. Siku za likizo yeye na wadogo zake hucheza mchezo wa hadithi. Mmoja huwa msimulizi, wengine kila mtu hushika mtu wake wa hadithi na kusema atakalotenda, na penye shaka hutupwa dado. (Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974.) Mtu wa kijana huyu ni fundi wa bao kutoka Maneromango, Kisarawe. Katika hadithi fundi akakutana na mwanafunzi, dado ikatupwa mara moja tu, na fundi akashindwa! Babu aliyekuwa akisikiliza akasema bao halina dado, tena dado ni kamari, akazitia mfukoni.

Mwanangu, katika jambo la kwanza babu yako asema kweli. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na zote zaonekana na wote wawili. Hakuna kilichofichwa na hakuna cha bahati. Fundi hushinda kwa sababu ameona mbele kuliko mwenzake. Marehemu Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Pugu, jirani na Kisarawe, alipenda sana bao, wala sijasikia mtu akisema mchezaji wa namna ile hushinda kwa kubahatisha.

Lakini mtafanyaje? Mkiweka bao lenyewe katikati ya hadithi, atashinda yule mtoto anayejua bao, hata kama mtu wake wa hadithi ni mjinga wa kutupwa, na wengine watasinzia. Basi bahati lazima iingie. Kosa lenu halikuwa kutumia dado, lilikuwa kuitupa mara moja na kutompa fundi haki yake.

Fanyeni hesabu hii. Kila mmoja atupe dado moja, na fundi aongeze 1 juu ya namba yake. Yako matokeo 36: fundi hushinda katika 21, mwanafunzi katika 10, na 5 ni sare, ambazo hurudiwa. Maana yake fundi atashinda mara 68 hivi katika 100. Bado ni haba kwa mtu aliyezeekea barazani. Sasa chezeni mikondo mitatu, mshindi awe wa mikondo miwili: fundi atashinda mara 75 au 76 katika 100. Mkicheza mitano, mara 81. Yaani mkitupa mara nyingi, bahati hupungua nguvu na ujuzi huonekana. Akiwa fundi mkubwa mbele ya mtoto, aongeze 2. Hapo kwa mikondo mitatu atashinda mara 91.

Hesabu hizi si za kuchezea tu. Katika sataranji, Profesa Arpad Elo wa Marekani alitunga namba za kupima wachezaji, na chama cha dunia cha mchezo huo kikazipokea mwaka 1970. Mchezaji aliyemzidi mwenzake kwa namba 200 hutazamiwa kupata alama 76 hivi katika 100, sare ikihesabiwa nusu. Mwaona jinsi mikondo yenu mitatu inavyokaribia.

Tena mikondo mitatu yalingana na bao lenyewe. Wa kwanza uwe kunamua, kila mmoja akiwa bado na kete zake 22 mkononi. Wa pili uwe wa nyumba. Wa tatu uwe mtaji, kete za mkononi zimekwisha. Katika mkondo wa pili mpeni kila mchezaji hiari: alinde nyumba yake na kutupa kama kawaida, au aivunje na kusafiri. Anayesafiri hutupa mara mbili na kuchukua namba kubwa, lakini katika mkondo wa tatu mwenzake huongeza 1, maana nyumba haipo tena. Hapo hesabu yetu ya juu itabadilika kidogo, lakini mchezaji atakuwa na la kuamua, wala hatakaa akingoja dado kama mtu angojaye mvua.

Ubishi wa babu ni wa kale. Mfalme Alfonso wa Kastilia, huko Hispania, alitengenezewa kitabu cha michezo mwaka 1283, na mwanzoni mwake wenye hekima watatu wabishana mbele ya mfalme: mmoja atetea akili na kuleta sataranji, wa pili atetea bahati na kuleta dado, wa tatu aleta mchezo wenye vyote viwili. Mchezo wenu ni wa huyo wa tatu. Na katika karne ya 11 Mtakatifu Petro Damiani alimkemea Askofu wa Firenze kwa kucheza. Askofu akajitetea kwamba sataranji si dado. Hakusikilizwa, alipewa kitubio.

Kuhusu kamari, babu aogopa jambo la kweli, maana wako waliopoteza karo za watoto kwa dado. Katekisimu ya Kanisa (namba 2413) yasema michezo ya bahati si maovu yenyewe kwa yenyewe. Haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wenziwe. Kwenu hakuna fedha mezani, na isiwepo hata ya karanga.

Dado mwachieni babu. Chukueni vifuniko sita vya soda, andikeni 1 hadi 6, vitieni katika mfuko. Chukua kimoja bila kutazama, kisome, kirudishe kabla mwenzio hajachukua; usipokirudisha hesabu yote huharibika. Kisha mwombeni babu, kila mkondo ukiisha, awaeleze ni kete gani zilizoliwa na kwa njia gani. Hayo msimulizi wenu hayajui, na babu ayajua.