Simu ikigoma kutoa picha, waya ukaguliwe kwanza

Ujumbe wa simu kujaa huja wakati mbaya. Mtoto yupo jukwaani kwenye mahafali, mzazi amenyanyua simu, kamera inakataa kurekodi. Hapo mkono huenda haraka kwenye kufuta. Zinaondoka picha za mtoto akianza kutembea na video ya bibi akisimulia hadithi, wakati nyumbani ipo kompyuta yenye nafasi tele.

Wapo waliojaribu kuhamisha wakakata tamaa, kwa sababu kompyuta ilionyesha folda tupu au haikuonyesha kitu. Wakasema kompyuta mbovu. Kabla ya kumlipa fundi, kuna mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni waya. Ndani ya waya wa USB kuna nyuzi za kupitisha umeme na nyuzi za kupitisha taarifa. Baadhi ya waya za bei rahisi, ziwe zimenunuliwa stendi ya Korogwe au sokoni Handeni, zina nyuzi za umeme tu. Simu itachaji vizuri, lakini kompyuta haitaiona. Mzazi atumie waya uliokuja na simu, au aazime wa jirani ajaribu. Ukigoma bado, abadili tundu la kompyuta, kisha aangalie tundu la simu, maana vumbi na nyuzi za nguo za mfukoni hujikusanya humo.

La pili ni kioo kilichofungwa. Simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, kompyuta huona folda tupu. Ifunguliwe kwanza.

La tatu ni ruhusa. Simu nyingi za Android zikichomekwa kwenye kompyuta huchaji tu mpaka mwenyewe aziambie vingine. Mzazi ateremshe kidole kutoka juu ya kioo, aguse taarifa inayotaja USB, achague kuhamisha faili. Kwenye simu ya Kiingereza huandikwa "File transfer". iPhone yenyewe huuliza kama kompyuta hiyo iaminiwe. Aguse "Trust" na kuweka namba ya siri.

Zikishaelewana, picha za kamera zipo kwenye folda iitwayo DCIM. Picha ambazo mwalimu alituma kwenye kundi la darasa hazimo humo. Katika simu za Android za sasa, picha za WhatsApp hukaa kwenye folda ya Android, ndani yake media, kisha com.whatsapp. Wengi huziacha huko bila kujua, simu ikiibiwa zinakwenda nayo.

Sasa sehemu yenye hatari. Picha zinakiliwe, yaani "kukopi", zisikatwe. Anayekata huamuru kompyuta iziondoe kwenye simu papo hapo. Umeme ukikatika katikati, au mtoto akiuvuta waya, baadhi ya faili zinaweza kuharibika zisiwepo kwenye simu wala kwenye kompyuta. Anayenakili hupoteza dakika chache tu, kisha anaanza upya.

Baada ya kunakili, alinganishe idadi ya picha pande zote mbili. Afungue chache za mwanzo, za kati na za mwisho, na aicheze video moja mpaka iishe. Ndipo afute kwenye simu, lakini baada ya kuweka nakala ya pili kwenye flashi. Video ndefu ya harusi ikikataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi, huenda flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Dawa ni kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT, ikiwa imeshaondolewa kila kitu kwanza, kwa sababu kuipanga upya hufuta vyote vilivyomo.

Flashi hiyo isikae droo moja na kompyuta. Familia ambayo baba anafanya kazi Korogwe na mama yupo Handeni na watoto ina bahati hapa, kila nyumba inaweza kutunza nakala yake. Mwizi wa upande mmoja hatachukua zote. Baba akitaka picha upesi kwa WhatsApp, zitumwe kama waraka, kwa kuwa zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora. Hilo ni muhimu zaidi kwa picha ya cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, ambayo lazima namba zake zisomeke.

Asiye na kompyuta huenda steshenari. Asiache simu mezani akaenda sokoni. Akae hapo mpaka kazi iishe, aombe picha zake zifutwe kwenye kompyuta ile, na pipa la takataka la kompyuta limwagwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini picha ya mtoto anaoga ikishasambaa, hakuna sheria inayoweza kuirudisha yote. Flashi aliyoitumia huko ikaguliwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua chochote kwenye kompyuta ya nyumbani.

Kazi hii ikifanywa kila mwisho wa mwezi haichukui muda mrefu. Mtoto mkubwa anaweza kukabidhiwa kuhesabu picha, na mzazi akabaki na jukumu la kubonyeza kufuta.