Mabua Hayana Sumu, Vijidudu Vina Njaa

Ndugu mkulima, wewe wajua ya kuwa kuku hanenepi kwa majani ya napier, wala ng'ombe hatoi maziwa kwa pumba tupu. Kila mfugo na chakula chake. Udongo wa shamba lako nao una mifugo yake: vijidudu visivyoonekana kwa macho, mamilioni katika kijiko kimoja.

Wataalamu huvigawanya kwa maswali mawili: chapata wapi nguvu, na chapata wapi kaboni ya kujenga mwili? Vingine hutumia jua kama mmea. Vingine huchukua kaboni hewani, lakini nguvu hupata kwa kugeuza madini. Vilivyo vingi sana shambani havijitengenezei kitu, hula mabaki ya viumbe vingine. Hivi ndivyo viozeshaji, na hapa ndipo ugomvi wangu na kibiriti unapoanza.

Kiozeshaji hutaka chakula chenye kaboni kama 25 kwa naitrojeni 1. Mabua makavu ya mahindi yana karibu 60 kwa 1. Ukiyafukia juma moja kabla ya kupanda, vijidudu hukosa naitrojeni ndani ya mabua, vikaichukua udongoni. Mahindi yako hugeuka manjano. Ndipo mkulima husema mabua yana sumu, na mwaka wa pili ayachoma. Naitrojeni yote karibu huenda na moshi, abaki na jivu, kisha aende dukani kununua naitrojeni ile ile kwa gunia. Huo si ukulima.

Mpe ng'ombe mabua, urudishe samadi shambani. Au uyakatekate, uyapange tabaka kwa tabaka na samadi mbichi na majani mabichi, unyunyize maji, uyapindue mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kazi ni nyingi, sikatai. Lakini mashamba ya settlement yaliyoanza kugawanywa miaka ya 1960 yamelimwa vizazi vitatu sasa, tena yamekatwa vipande kwa warithi. Udongo uliochoka hauna pa kuhamia.

Wako pia wale wa kugeuza madini, aliowaeleza Mrusi Sergei Winogradsky mwaka 1890. Hawa hugeuza amonia ya samadi na ya mbolea ya dukani kuwa naitreti, ambayo mahindi hupenda. Hutaka hewa, na hudhoofika katika udongo wenye asidi. Kwa hiyo atiaye DAP kila mwaka pasipo kupima udongo wala kutia chokaa awafukuza watumishi wake mwenyewe.

Maharagwe yana mapatano ya namna nyingine. Mmea huvipa vijidudu vya mizizi sukari, navyo huulipa naitrojeni kutoka hewani. Maharagwe yakianza kutoa maua, chimbua mche mmoja polepole, upasue vifundo vya mizizi kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu, kazi inafanyika. Kukiwa kweupe au kijani, mwulize afisa wa kilimo juu ya vijidudu vya kuchanganya na mbegu. Ununue vya maharagwe, maana vya soya ni vingine, na usiviache juani.