Johannesburg: Undugu wa chuoni na wanaobaki nje ya mlango

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu nchini Afrika Kusini huanza Februari, na wiki hizo mitaa ya Braamfontein na Auckland Park mjini Johannesburg hujaa vijana waliovaa fulana za rangi moja, wakiimba nyimbo za mabweni yao. Mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuuona huo kuwa mchezo wa vijana waliotoka tu nyumbani kwa wazazi wao. Hata hivyo, historia ya mji huu inaonyesha kwamba undugu unaofungwa katika umri huo umewahi kuamua nani apate kazi, nani ashike madaraka, na walau mara moja umechangia kuwaepusha watu na kitanzi.

Afrika Kusini haikujenga utamaduni wa vyama vya kindugu vya wanafunzi kama vile vya Marekani, vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki, na ambavyo baadhi ya viongozi wa Afrika walivipitia. Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe, kwa mfano, walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma. Afrika Kusini nafasi hiyo imeshikwa na bweni. Bweni lina jina lake, rangi zake, kamati yake ya uongozi na nyimbo zake, na aliyelala humo miaka mitatu hubaki kuwa mtu wa bweni hilo hata akiwa na mvi. Msomaji aliyepita Makerere, akishuhudia mashindano ya Lumumba, Livingstone na Nsibirwa, ataelewa haraka. Tofauti ni kwamba Johannesburg suala la nani alale wapi lilikuwa, kwa miaka mingi, suala la sheria za nchi.

Udugu wa kiapo

Mfano mkubwa kuliko yote haukuanzia bwenini, ingawa ulikuja kuvitawala vyuo. Mwaka 1918 vijana wachache wa Kikaburu mjini Johannesburg, baadhi yao makarani wa reli, waliunda chama baada ya mkutano wa mwanasiasa wao, D. F. Malan, kuvamiwa na wazungu wenzao waliokuwa wakiiunga mkono Uingereza. Chama hicho kilikuja kuitwa Afrikaner Broederbond, yaani Umoja wa Udugu wa Makaburu, na baada ya miaka michache kikajificha na kuwa cha siri.

Mtu hakuomba kujiunga na udugu huo. Alichunguzwa na kupendekezwa bila mwenyewe kujua, na alipokubaliwa aliapa kwamba hatatoa siri hadi kufa. Masharti yalikuwa awe mwanamume, mzungu, Mprotestanti na mzungumzaji wa Kiafrikaans. Kufikia mwaka 1978, pale waandishi Ivor Wilkins na Hans Strydom walipochapisha kitabu kilichoanika maelfu ya majina, wanachama walikadiriwa kuwa takriban 12,000. Hiyo ni idadi ndogo kwa taifa zima, lakini humo mlikuwa na kila mkuu wa serikali tangu mwaka 1948 hadi F. W. de Klerk, pamoja na walimu wakuu, wachungaji na wakurugenzi wa mashirika ya umma.

Johannesburg ilikuwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, maarufu kama Wits, ambacho kilifundisha kwa Kiingereza. Udugu ule ulitaka chuo chake katika mji wa dhahabu, nacho kikapatikana. Rand Afrikaans University kilifungua milango mwaka 1968 katika majengo yaliyokuwa kiwanda cha bia huko Braamfontein, mwanzo wa ajabu kidogo kwa taasisi ya wacha Mungu wa aina ile. Mwenyekiti wa kwanza wa baraza la chuo, Piet Meyer, ndiye aliyekuwa wakati huohuo mwenyekiti wa Broederbond na mwenyekiti wa bodi ya shirika la utangazaji la taifa. Mkuu wa kwanza wa chuo, Gerrit Viljoen, naye akawa mwenyekiti wa Broederbond kuanzia mwaka 1974, na baadaye waziri wa elimu.

Hapo ndipo utaratibu wenyewe unapoonekana. Kijana anayeongoza kamati ya bweni vizuri alionwa mapema. Palikuwa hata na tawi la vijana, Ruiterwag, la kumlea hadi afikie umri wa kuitwa kwa wakubwa. Baada ya hapo, shule ilipotafuta mwalimu mkuu, au wizara ilipotafuta mkurugenzi, jina lake lilikuwa tayari mezani. Hakuna aliyelazimika kutoa amri. Wenye uamuzi walikuwa wanajuana tu.

Gharama ya udugu wa namna hiyo huonekana siku mmoja anapotaka kutoka. Beyers Naudé alikuwa mtoto wa mmoja wa waasisi wa Broederbond, na enzi zake za chuo aliishi Wilgenhof, bweni la wanaume lenye umaarufu mkubwa huko Stellenbosch. Alijiunga na udugu ule mwaka 1940 akiwa kijana, kisha akawa mchungaji Johannesburg. Baada ya polisi kuwaua watu 69 kwa risasi huko Sharpeville mwaka 1960, dhamiri ilianza kumsumbua. Mwaka 1963 alimwonyesha profesa mmoja wa theolojia, Albert Geyser, nyaraka za siri za chama, na Geyser akazifikisha gazetini. Naudé aliacha mimbari yake, na waliokuwa wakimwita ndugu wakamgeuka. Kuanzia mwaka 1977 serikali ilimwekea amri ya kumzuia kukutana na watu, amri iliyodumu miaka saba.

Mwaka 2001 barabara kubwa ya Johannesburg iliyokuwa ikiitwa jina la D. F. Malan, yule ambaye kuvamiwa kwake kulizaa udugu wenyewe, ilipewa jina la Beyers Naudé.

Nyumba namba 13

Undugu wa pili wa Johannesburg haukuwa na kiapo, na ulianza kwa sababu wahusika wake walinyimwa bweni.

Mwaka 1943, mwaka uleule ambao Julius Nyerere aliingia Makerere, Nelson Mandela alijiandikisha kusoma sheria Wits. Nyerere alipata kitanda chuoni. Mandela hakupata. Wits ilikubali idadi ndogo ya wanafunzi weusi darasani, lakini si katika mabweni yake, wala katika mabwawa yake ya kuogelea. Palikuwa na hosteli ya pembeni, Douglas Smit House, iliyotengwa kwa Waafrika waliosomea udaktari. Mwanafunzi pekee Mwafrika katika kitivo cha sheria ilimbidi arudi Orlando kwa treni.

Alipoikosa treni ya mwisho, alilala nyumba namba 13, Kholvad House, jengo la ghorofa katika mtaa wa Market. Hapo ndipo alipoishi Ismail Meer, mwanafunzi mwenzake wa asili ya Kihindi. Katika nyumba hiyo walisoma, walibishana siasa na walicheza muziki hadi usiku wa manane pamoja na J. N. Singh, Ruth First na Joe Slovo. Yaani walifanya yote ambayo wanafunzi hufanya bwenini, isipokuwa bweni halikuwapo.

Siku moja Meer na wenzake wawili wa Kihindi walipanda tramu pamoja na Mandela. Kondakta alisema Wahindi wanaruhusiwa, lakini rafiki yao mweusi haruhusiwi. Walibisha, wakakamatwa. Wakili Bram Fischer, Kaburu wa ukoo mkubwa ambaye babake alikuwa jaji, aliwatetea wakaachiwa. Mandela mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakimu alionekana kuustahi mno ukoo wa Fischer. Kumbe hata ukombozi wa siku ile ulipita katika mlango wa kujuana!

Mtandao huo mdogo ulikuja kutoa matunda ambayo pengine hakuna aliyeyatarajia. Mandela na wenzake waliposhtakiwa katika kesi ya Rivonia mwaka 1963, wakikabiliwa na adhabu ya kunyongwa, jopo la mawakili liliongozwa na Fischer huyohuyo. Pamoja naye walikuwamo George Bizos, Joel Joffe na Arthur Chaskalson, wote watatu wahitimu wa sheria wa Wits. Bizos na Mandela walifahamiana tangu walipokuwa wanafunzi. Juni 1964 hukumu ilitolewa: kifungo cha maisha, si kitanzi. Fischer naye alifungwa maisha mwaka 1966. Chaskalson alikuja kuwa rais wa kwanza wa Mahakama ya Katiba.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika simulizi hili. Eduardo Mondlane wa Msumbiji alisoma Wits hadi mwaka 1949, pale serikali mpya ya Malan ilipokataa kuendelea kumpa kibali. Mwaka 1962 alikuwa Dar es Salaam akichaguliwa kuongoza Frelimo, na Februari 1969 aliuawa katika jiji hilo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Ruth First, aliyekuwa Wits miaka hiyohiyo ya 1940, aliuawa kwa njia hiyohiyo mwaka 1982 mjini Maputo, ofisini kwake, katika chuo kikuu chenye jina la Mondlane.

Mwaka 1996 Mandela, sasa akiwa rais wa nchi, aliwakutanisha tena waliosoma naye sheria miaka 50 iliyopita. Si wote waliokuwa wamemtendea wema darasani. Aliwahi kueleza jinsi mwanafunzi mmoja alivyochukua vitu vyake na kuhamia kiti cha mbali alipomwona anakaa karibu naye.

Jando la bweni

Je, mabweni ya leo yamerithi udugu upi kati ya hizo mbili?

Jibu si jepesi. Broederbond iliondoa usiri wake na kubadili jina katika miaka ya 1990. Mwaka 2005 Rand Afrikaans University iliunganishwa na taasisi nyingine ikawa Chuo Kikuu cha Johannesburg, ambacho wanafunzi wake walio wengi ni weusi, na baadhi ya majengo yake yako Soweto. Lakini wanafunzi weusi waliopokewa kwenye mabweni ya nchi hiyo walikuta desturi zilizowatangulia, ikiwamo ile ya kuwapitisha wanafunzi wapya katika jando la matusi na kudhalilishwa kabla ya kuitwa ndugu. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ililichunguza suala hilo mwaka 2001, na mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku jando hilo mashuleni.

Marufuku hayakumaliza tatizo vyuoni. Mwaka 2008 ilifichuka video ya wanafunzi wazungu wa bweni la Reitz huko Bloemfontein wakiwafanyia dhihaka wafanyakazi weusi, watu wazima wa umri wa wazazi wao, kwa jina la kuwapima kama wanafaa kuwa wanabweni. Kamati iliyoongozwa na Profesa Crain Soudien ilitembelea vyuo kote nchini na kuripoti kwamba ubaguzi ulikuwa bado umeenea, na mabweni yalitajwa kuwa mojawapo ya mahali pagumu kabisa.

Ugumu huo unatokana kwa sehemu kubwa na wazee wa bweni. Mwanafunzi hukaa miaka mitatu au minne, mkuu wa chuo miaka kumi ikizidi sana, lakini mhitimu hubaki na bweni lake maisha yote, na mara nyingi ana fedha. Wilgenhof, lile bweni la Beyers Naudé, lilionyesha hivyo. Mwaka 2024 vilipatikana humo vyumba viwili vyenye mavazi, picha na vifaa vya adhabu za siri. Baraza la chuo liliamua bweni lifungwe. Wahitimu wa zamani walikwenda mahakamani, na mwisho wake yakawa makubaliano kwamba lifungwe kwa mwaka 2025 tu, kisha lirudi kuwa bweni la wanaume baada ya kufanyiwa mageuzi. Wapo watakaoona hiyo ni hatua ya busara. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, inaonyesha zaidi nani mwenye sauti ya mwisho.

Johannesburg, wataalamu weusi walitambua pengo hilo mapema. Jukwaa la mameneja weusi, Black Management Forum, lilianzishwa mwaka 1976, na chama cha wahasibu weusi mwaka 1985, wakati ambapo wanafunzi weusi wa Wits bado walikuwa wakilazwa mbali, katika hosteli ya Glyn Thomas House kwenye eneo la hospitali ya Baragwanath, Soweto. Walijiundia nje kile ambacho wenzao walikipata bwenini bila jasho. Wengi wa viongozi hao leo wana watoto waliolala Braamfontein na Auckland Park, wakiimba nyimbo za bweni na kuvaa rangi zake. Kijana wa Alexandra asiye na karo wala chumba anawatazama watoto hao kwa jicho lilelile ambalo baba zao waliwatazama wengine. Haikuwa ajabu kwamba maandamano ya kupinga ongezeko la ada, yaliyoenea nchi nzima Oktoba 2015, yalianzia Wits.

Vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda kusoma huko wanaikuta hali hiyo, na zaidi wanaukuta ugeni. Mashambulizi dhidi ya wageni ya Mei 2008, yaliyoua watu wasiopungua 60, yalianzia Alexandra, si mbali na vyuo hivyo. Katika mji wa namna hiyo, kuwa na mwenzako wa bweni unayeweza kumpigia simu usiku si jambo dogo. Kwa Mtanzania na Mkongo upo mlango rasmi: itifaki ya elimu ya SADC ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama, baada ya kipindi cha mpito, ziwahesabu wanafunzi wa jumuiya hiyo kama wenyeji katika ada na malazi. Mkenya na Mganda wanaosimama nyuma yao kwenye foleni ya kupangiwa vyumba hawamo katika itifaki hiyo.