Mkono wa Susu Haumgeuzi Mtoto

Katika sehemu kubwa ya Ukambani, mimba haikamiliki bila kukandwa tumbo. Kuanzia Migwani na Nzeluni upande wa Kitui hadi vijiji vya Makueni, mwanamke akifika mwezi wa sita au wa saba huambiwa na mama mkwe, dada au jirani aende kwa bibi anayeijua kazi hiyo, ambaye kijiji kizima humwita susu, "akamweke mtoto sawa". Imani inayomtuma huko ni fupi: mtoto hukaa vibaya tumboni mpaka mkono umrekebishe, na mama asiyekandwa anajitafutia uchungu mrefu au kisu cha daktari. Imani hiyo si kweli. Haikufa hospitali zilipojengwa wala huduma ya uzazi ilipotangazwa kuwa bure katika vituo vya umma, tarehe 1 Juni 2013. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto wa Kenya walizaliwa katika vituo vya afya mwaka 2014, na kufikia 2022 wakawa asilimia 82. Wanawake wamehamia hospitali kujifungua, lakini wengi bado hupitia kwa susu njiani, na kitabu cha kliniki kiko mkobani.

Kazi yenyewe hufanywa kwa namna inayofanana kijiji hadi kijiji. Mama hulala chali juu ya mkeka au kitanda, magoti ameyakunja. Susu huipaka mikono mafuta, kisha huanzia juu, chini ya mbavu, akitafuta kwa vidole kitu kigumu cha mviringo. Akikipata huko juu hujua kwamba mtoto ametanguliza makalio. Akikikuta ubavuni hujua kwamba amelala mkingamo. Mpaka hapo susu hajakosea lolote. Nesi wa kliniki hupapasa tumbo vivyo hivyo, kwa hatua nne zinazoitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Christian Gerhard Leopold, aliyezieleza mwishoni mwa karne ya 19. Wapo masusu ambao vidole vyao husoma tumbo vizuri kuliko vya mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka chuoni jana, na hakuna sababu ya kuwanyima sifa hiyo. Njia zao huachana baada ya hapo. Nesi huandika alichokikuta na kumwambia mama arudi lini. Susu huanza kusukuma: kiganja kimoja hukishusha kichwa upande mmoja, kingine huyainua makalio upande wa pili, na mama huambiwa avumilie.

Baada ya wiki chache mtoto hukutwa kichwa kimeshuka, na sifa humwendea susu. Sifa hiyo si yake. Mimba ikiwa na wiki 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne bado ametanguliza makalio. Siku za kujifungua zikifika, waliobaki hivyo ni watatu au wanne kwa kila 100. Wengine wote wamegeuka wenyewe, kwa sababu nafasi tumboni hupungua na kichwa kikapata mahali pake chini. Anayewakanda wanawake wa mwezi wa saba kwa hiyo atafaulu karibu kila mara, hata kama angewapaka mafuta tu na kuwarudisha nyumbani. Sifa ya susu imejengwa juu ya kazi ambayo miili ya wanawake huifanya bila yeye, tena usiku wakiwa wamelala.

Wachache wasiogeuka mara nyingi wana sababu ya kutogeuka. Huenda kondo la nyuma limejishika chini na kuziba njia. Huenda kuna uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, au mfuko wenyewe una umbo lisilo la kawaida, au ni mapacha, au maji ni machache. Hao ndio ambao mkono unaosukuma unaweza kuwadhuru zaidi, na hao ndio ambao susu, akiona mtoto "amekataa", huongeza nguvu.

Kumgeuza mtoto kwa mikono kupitia tumboni ni kazi inayojulikana hospitalini pia, na watetezi wa kukanda huitaja kama ushahidi wao. Haiwasaidii. Daktari haanzi mwezi wa saba. Husubiri hadi wiki ya 36 au 37, kwa kuwa kabla ya hapo wengi watageuka wenyewe, na mtoto aliyegeuzwa mapema huweza kurudi alikokuwa. Kwanza hutazama kwa altrasaundi kondo liko wapi na maji yakoje. Hutoa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi, husikiliza moyo wa mtoto kabla na baada ya kila jaribio, na huwa na chumba cha upasuaji karibu. Kwa maandalizi yote hayo hufaulu takriban nusu ya nyakati tu. Anayedai kufaulu kila mara, mkekani na bila kipimo chochote, anahesabu ushindi wa maumbile kuwa wake.

Hatari ya kusukuma ina sura inayojulikana. Kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati wake. Mishipa ya mfuko wa uzazi mwishoni mwa mimba hupitisha kati ya mililita 500 na 700 za damu kila dakika, kwa hiyo mishipa ikifunguka hapo damu haidondoki, hububujika. Ubaya zaidi ni kwamba huweza kujikusanya ndani, nyuma ya kondo, bila tone kuonekana nje. Mama huhisi tumbo limekuwa gumu kama ubao, mtoto huacha kucheza, na walio karibu hudhani uchungu umeanza. Kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi kuna hatari nyingine: kovu la zamani linaweza kuachia. Wanawake wenye makovu hayo wamekuwa wengi kuliko enzi za mama zao, na susu aliyejifunza kazi zama za makovu machache hana njia ya kujua, kwa vidole, kovu la ndani lina nguvu kiasi gani.

Safari ya kwenda hospitali huongeza hatari hiyo. Migwani iko kwenye barabara inayotoka Kibwezi kupitia Kitui na Kabati hadi Mbondoni, na mji wa Mwingi si mbali kwa gari. Umbali mkubwa ni ule wa kutoka nyumbani hadi kwenye hiyo barabara. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikishika, mito ya mchanga inayovukwa kwa miguu miezi mingine hujaa kwa saa moja, na bodaboda husimama ng'ambo ikisubiri maji yapungue. Kondo lililobanduka halisubiri. Ndiyo maana kukanda tumbo kijijini, mbali na barabara, ni hatari kuliko kukanda mjini, ingawa mikono ni ileile.

Lakini madhara mapana ya imani hii hayatoki kwenye kusukuma. Yanatoka kwenye kukanda kunakochukua nafasi ya kupima. Mwanamke anayesema kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli na uso umevimba anaeleza dalili za kifafa cha mimba, ugonjwa unaotambuliwa kwa kupima shinikizo la damu na mkojo. Akikandwa mabega na kuambiwa ni uchovu, hupata nafuu ya jioni moja na hupoteza siku ambayo ingemwokoa. Mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma huenda ana damu iliyoganda kwenye mshipa, na mguu wa namna hiyo haukandwi kabisa, kwa sababu bonge likisukumwa linaweza kusafiri hadi mapafuni. Mwenye upungufu wa damu huambiwa mtoto amemlemea. Shirika la Afya Duniani lilipopandisha idadi ya mahudhurio ya kliniki kutoka manne hadi manane mwaka 2016, lengo lilikuwa kuyanasa mambo kama haya mapema. Mama anayehesabu ziara za susu kama mahudhurio anafika hospitalini na kitabu kisicho na vipimo.

Watetezi hujibu kwamba susu fulani amekanda vizazi vitatu na hakuna aliyekufa. Huenda ni kweli. Kifo cha uzazi, hata katika nchi iliyo na vingi mno, humpata mama mmoja kwa mia kadhaa ya wanaojifungua. Kenya ilihesabu vifo 362 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2014. Bibi mmoja anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kukutana nacho, na usalama wake ukawa bahati iliyoitwa ustadi. Isitoshe, anayezidiwa hupelekwa hospitali akafia huko, na kijiji huandika kifo hicho kwenye hesabu ya hospitali.

Makosa ya imani hii yana nusu ya pili, na nusu hiyo ni ya wenye sare nyeupe. Kwa kuwa wameona mkono wa susu ukifanya lisilofaa, wahudumu wengi wamehitimisha kwamba mkono wote haufai. Mama huingia leba peke yake, aliyemsindikiza akabaki nje ya lango na beseni na kanga. Huko ndani hupimwa njia imefunguka kiasi gani, kisha huachwa na ukuta. Ushahidi hauko upande wa desturi hiyo. Uchambuzi wa majaribio yaliyohusisha zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi 17, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mama anayekaa na mtu wa kumtia moyo muda wote wa leba hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, kwa muda mfupi zaidi kidogo, na kwa upasuaji mchache zaidi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 inataka kila mama awe na mwandamani aliyemchagua mwenyewe. Inakubali pia kukandwa na vitambaa vya moto kama njia za kupunguza maumivu kwa mama mwenye afya anayezitaka. Ushahidi juu ya kukanda peke yake si mzito sana, lakini unaelekea upande mmoja, na kukanda hakugharimu shilingi.

Mahali pa mkono katika leba ni mgongoni. Mwanamke wa Migwani aliyebeba jerikeni ya lita 20 kwa kamba ya kipajini, kutoka kisima cha mchangani hadi nyumbani, miaka na miaka, anaijua sehemu hiyo ya mgongo kuliko daktari. Uchungu unapopanda, kichwa cha mtoto hugandamiza mfupa bapa ulio mwisho wa uti wa mgongo. Mwandamani husimama nyuma ya mama aliyeinama na kuegemea kitanda, huweka kisigino cha kiganja juu ya mfupa huo na kukandamiza kwa uzito wa mwili, bila kusugua, mpaka uchungu ushuke. Kisha huachia. Uchungu mwingine ukija, hurudia. Ni kazi ya saa nyingi, inachosha mabega, na hakuna nesi mwenye kina mama kadhaa wa kuhudumia anayeweza kuifanya. Susu anaweza. Ana subira nayo, anamjua mama kwa jina la ukoo wake, na mama hamwonei haya.

Kuhusu heshima, hospitali za Kenya zina deni. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 nchini ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya watano alidhalilishwa kwa namna moja au nyingine alipokuwa akijifungua. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma kisha akapigwa kofi na kutukanwa. Mwanamke aliyesikia habari kama hizo akachagua mkeka wa susu hakufanya ujinga. Alikwenda anakoguswa kwa upole. Kumhubiria hatari za kukanda tumbo bila kufungua mlango wa wodi kwa mwandamani wake ni kumwambia nusu ya ukweli.

Kampeni ya kimataifa ya uzazi salama ilizinduliwa Nairobi, Februari 1987, na miaka ile serikali na mashirika yalikuwa yakiwafunza wakunga wa jadi kuzalisha. Baadaye sera iligeuka: ikaonekana kwamba mafunzo mafupi hayawezi kuzuia damu wala kufanya upasuaji, nao wakaombwa wawe wasindikizaji tu. Uamuzi juu ya kuzalisha ulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kumfikisha msindikizaji getini na kumwachia hapo, kana kwamba alichokuja nacho kilikuwa nauli peke yake. Maarifa ya wakunga wa jadi yamewahi kuingia vitabuni yalipopimwa. Mbinu ya kumgeuza mama apige magoti na kuegemea mikono mabega ya mtoto yanapokwama, iliyopewa jina la mkunga Mmarekani Ina May Gaskin, yeye mwenyewe aliipata Amerika ya Kati miaka ya 1970 kwa wakunga wa huko. Kukanda tumbo ili kumgeuza mtoto hakujafaulu mtihani wa namna hiyo.

Tumbo lenyewe lina saa yake ya kukandwa, nayo huja baada ya mtoto na kondo kutoka. Mfuko wa uzazi ukilegea wakati huo, mama huvuja damu. Mkunga huukanda kupitia tumboni mpaka ukaze kama mpira mgumu chini ya kitovu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023, lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, liliweka kukanda huko katika mfululizo mmoja na kitambaa cha kupimia damu, dawa ya kukaza mfuko, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani na uchunguzi wa chanzo. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia na vifo vyake vilipungua kwa asilimia 60. Mkono ulifanya kazi kwa sababu dawa zilikuwa mezani.

Mama akirudi nyumbani, susu hurudi kazini kwa haki yake yote: maji ya moto, uji, mgongo na mabega, mtoto wa kubebwa mama alale. Tumbo la aliyepasuliwa haliguswi. Pedi ikilowa chini ya saa moja, joto likipanda, harufu ya damu ikibadilika au kichwa kikianza kumgonga mama hata wiki moja baada ya kujifungua, yeye ndiye wa kwanza kuona, na hapo hupigiwa simu mhudumu wa afya ya jamii na bodaboda ikaitwa bila kungoja kupambazuke.