Ndoo Iliyojaa Usiku Mmoja

Masika yanapokolea katika miji yetu ya pwani, kanzu zilizotundikwa kabatini huota kuvu, kurasa za misahafu hushikana, na ukuta ulio nyuma ya kitanda hupiga weusi. Mwaka huu tuliazima kwa jamaa yetu mashine ya kukausha hewa, kwa kuwa mtoto wetu ana pumu na kuvu huichochea. Asubuhi ya kwanza tulikuta ndoo ya mashine ina lita tatu za maji, ilhali dari haikuvuja.

Anayetaka kuelewa jambo hili na aitazame bilauri ya maji baridi mezani. Jasho linaloiteremkia halikupenya kwenye kioo, limetoka hewani. Hewa ya nyuzijoto 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzijoto 10, uwezo huo hushuka hadi gramu 9 hivi, na ziada hugeuka matone. Ndivyo ifanyavyo mashine: feni huivuta hewa na kuipitisha kwenye mabomba yaliyopozwa, kama ya friji, maji hudondoka ndooni, kisha hewa hupita kwenye mabomba ya moto ya mashine iyo hiyo kabla ya kurudi chumbani. Kwa hiyo chumba hukauka lakini huzidi joto kidogo, na anayeinunua akitarajia ubaridi atajuta.

Tulipofanya hesabu, tulisita. Chumba chetu ni mita 4 kwa 4, na kimo chake ni mita 3. Hata hewa yake ikishiba mvuke, maji yake hayafiki lita moja na nusu. Zilizobaki zilitoka wapi? Tulidhani ni godoro, nguo, na dirisha lililoachwa wazi kidogo. Tukalifunga, ndoo ikaendelea kujaa kila usiku. Fundi alipobomoa lipu nyuma ya kitanda, alikuta bomba la bafuni linavuja polepole. Mashine ilikuwa ikishindana na bomba, na umeme tukilipa sisi.

Kabla ya hapo, jirani alitushauri kwa nia njema tuweke jiko la mkaa chumbani, tufunge milango, ukuta ukauke. Ushauri huo unaua. Moto huipasha hewa joto bila kuondoa hata tone moja la maji, na mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo humkuta mtu usingizini asiamke.

Maji ya ndoo hiyo hayafai kunywewa, kwa maana yamebeba vumbi na uchafu wa mashine. Sisi tuliyapigia deki.

Bomba limekwisha kubadilishwa na mashine tumeirudisha kwa mwenyewe. Mtoto bado analala chumba cha mbele hadi ukuta ukauke.