Hatimiliki pekee haimlindi mnunuzi

Ukuta uliotazama bahari huko Nyali, Mombasa, uliangushwa na serikali ya kaunti Septemba 2017 ili njia ya umma ya kwenda ufuoni ifunguliwe. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hatimiliki ya kiwanja chenye ukuta huo, iliyotolewa na serikali yenyewe. Ikaenda mahakamani. Ikashindwa, ikakata rufaa, ikashindwa tena, na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaitupa rufaa yake ya mwisho.

Majaji waliirudisha hadithi hadi 1989, kiwanja kilipogawiwa kwa mara ya kwanza. Aliyegawiwa alikuwa Daniel arap Moi, Rais wa wakati huo. Mahakama iliona kwamba eneo hilo lilikuwa limetengewa matumizi ya umma na taratibu za ugawaji hazikufuatwa. Mgao wa kwanza ukiwa batili, nia njema ya mnunuzi wa baadaye haiwezi kuuhalalisha. Katiba ya 2010, ibara ya 40(6), inasema wazi kwamba mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi.

Septemba 2023 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ya kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, kuhusu ardhi ya Embakasi, Nairobi, ambayo wanajeshi walikuwa ndani yake. Hapo mahakama ilisema barua ya ugawaji si umiliki. Ni ofa yenye masharti, na aliye nayo hana ardhi ya kumuuzia mtu. Madalali wangapi wa Nairobi bado wanazunguka na barua hizo mkobani?

Kwa hiyo mwekezaji anayepekua rejista, akaliona jina la muuzaji, kisha akatoa hundi, hajafanya kazi hata nusu. Anapaswa kufukua faili la ugawaji, ramani ya upimaji na mpango wa matumizi ya eneo. Awaulize majirani pia; wavuvi wa ufuoni wanajua njia iliyozibwa kuliko karani yeyote. Orodha za viwanja vinavyoshukiwa zimo kwenye viambatisho vya ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, tangu 2004, lakini wanunuzi wengi hawajawahi kuzifungua. Ardhisasa, mfumo wa huduma za ardhi mtandaoni uliozinduliwa 2021, umepunguza foleni, lakini hatimiliki iliyooza ikiingizwa kwenye kompyuta inabaki kuwa ileile.

Hukumu ya Nyali ni sahihi. Ufuo wa umma ukiweza kusafishwa kwa kupitishwa mikononi mwa kampuni mbili tatu, basi kila mnyakuzi atatafuta mnunuzi mwema wa kumsafishia wizi wake. Kinachokera ni mgawanyo wa hasara. Kila kiwanja cha mjini kinapouzwa, serikali huchukua ushuru wa stempu wa asilimia 4. Nyumba ikijengwa na wapangaji wakaingia, mwenye nyumba wa kawaida hutozwa asilimia 7.5 ya mapato ya kodi ya pango. Siku hatimiliki inapofutwa, serikali hiyohiyo husema haikuwahi kuwa halali, na mpangaji aliyelipa amana hujikuta akimdai mtu asiye na nyumba.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ina kipengele cha kumfidia anayeumizwa na marekebisho ya rejista, mradi hakuhusika kwa ulaghai wala uzembe. Bunge linapaswa kukitilia nguvu: mnunuzi aliyefuatilia historia yote ya kiwanja, na bado akadanganywa na rekodi za serikali, arudishiwe angalau bei aliyolipa na ushuru wa stempu. Serikali nayo ibaki na jukumu la kumfuata ofisa aliyetia saini, pamoja na yule aliyegawiwa mara ya kwanza, ili warejeshe fedha hizo. Kwa sasa, anayebanwa kirahisi zaidi ni yule aliyenunua mwisho.